Kibanda cha Baba Mdogo

Ngokolo, Shinyanga

Mjukuu wangu Kulwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako hajambo, ng'ombe mweusi amezaa, ila mvua imetunyima mwaka huu.

Umeniuliza kama anayetukana dini afungwe. Kabla ya uhuru, nikiwa msichana ninayesomea ubatizo, katekista wetu alikuja nyumbani akakivunja na kukichoma kibanda ambamo baba yangu mdogo, Maige, alikuwa akiwatambikia wazee wetu. Alisema ni nyumba ya shetani. Maige alikuwa Geita, akichimba dhahabu. Aliporudi akakuta majivu, Jumapili alikwenda kusimama mlangoni mwa kanisa, akasema kwa sauti, "Mungu wenu hana adabu, anaingia kwa watu bila hodi!"

Wakamshtaki kwa kutukana dini. Barazani niliulizwa, "Ulimsikia?" Nikajibu, "Ndiyo, bwana." Maige akauliza, "Na kile kibanda changu hakikuwa dini?" Hakimu akamwambia anyamaze.

Ya jela sikuandikii. Alirudi amekonda sana, akaendelea kuniita "mwanangu" vilevile, mpaka tulipomzika.

Mambo ya sheria utayajua wewe uliyesoma. Mimi najua tu kwamba sheria ile haikukiona kibanda chetu. Na kuna jambo ambalo sikuulizwa barazani, wala sijamwambia mtu mpaka leo. Katekista alikuja mikono mitupu. Shoka nilimpa mimi.

Bibi yako