Mzee Kesho Hajafika Stesheni

Jumatano, 6 Machi

Nimeficha jambo. Nyumbani wanajua niko ng'ambo, nimelazwa, dripu mkononi. Siko huko. Nimeshuka kwenye ndege leo asubuhi na sasa nimekaa juu ya kitanda cha gesti, si mbali na uwanja wa ndege. Wamenirudisha. Uvimbe umeshasambaa, hakuna la kufanya. Basi.

Kutoka uwanjani hadi stesheni kuu ya mjini ni mwendo wa saa moja kwa teksi. Treni ya jioni, halafu asubuhi niko mlangoni kwa mke wangu. Mtu mzima anashindwaje na safari ya saa moja? Nimeshindwa. Nilimwambia dereva anishushe gesti ya kwanza tutakayoiona. Akanitazama kwenye kioo. Mzee, stesheni bado mbali, huku ni magereji matupu. Nikamwambia najua. Njoo unichukue kesho.

Mama mwenye gesti kanipa chumba cha chini, kwa ajili ya ngazi. Dirisha linatazama gereji. Shuka zinanuka sabuni ya unga. Afadhali sabuni.

Alhamisi, 7 Machi

Dereva alikuja asubuhi kama tulivyopatana. Nilikuwa nimeshavaa, viatu miguuni, begi mlangoni. Nikakumbuka cherehani.

Mke wangu alikuwa na cherehani zake chumba cha mbele, na wasichana wakija kujifunza. Tangu nistaafu nimekuwa nikilala mchana kwa mlio ule. Aliziuza zote ili mimi nipelekwe. Hakuniambia. Siku ya kuondoka nilipita pale nikaona sakafuni alama za miguu ya meza, naye kasimama katikati anafagia vipande vya uzi. "Usiangalie chini, Daktari," akasema. "Angalia mbele, utajikwaa."

Akiniita Daktari ujue hana kinyongo. Hicho ndicho kinachoniua kabla ya uvimbe.

Nirudi niseme nini? Cherehani zimekwenda, mzee karudi vilevile?

Nikamwambia dereva kesho.

Ijumaa, 8 Machi

Maumivu. Sikuinuka. Dereva kagonga, kasema kupitia tundu la kitasa: Mzee Kesho, leo vipi? — Ndilo jina langu sasa. Hata mama mwenye gesti ameanza kuniita hivyo. Kaleta supu. Nimekunywa vijiko viwili, kimoja kimerudi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimepiga simu nyumbani. Napiga kwa intaneti, hawawezi kujua niko wapi. Alipokea Kitinda, binti yetu wa mwisho. Wakati huohuo fundi wa gereji akaanza kugonga bati.

"Baba, huko hospitali wananyoosha bodi za magari?"

"Mafundi wa lifti hao."

"Waambie wapunguze, wagonjwa wamelala!"

Shemeji, kaka yake mke wangu, akamnyang'anya simu. "Shemeji, wakishakupasua waambie waukate na ubishi, upo hapo hapo pembeni." Nilicheka. Ikauma hadi mgongoni.

Kisha mke wangu. Akahamia chumba kingine, nilisikia mlango.

"Wamekupangia lini?"

"Wiki ijayo."

"Na huyo wa kukulaza usingizi, anajua kazi?"

"Kijana tu. Lakini anajua."

"Kama wewe?"

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

Kama mimi! Nilikuwa daktari wa usingizi maisha yangu yote ya kazi. Nilikuwa na mtindo wangu. Mgonjwa akishalala mezani namuuliza: ukiamka ungependa kumwona nani kwanza? Mmoja atasema mama, mwingine mchumba. Mmoja alisema mbuzi wake. Namtuma nesi amlete huyo mtu hadi kwenye mlango wa thieta. Halafu namwinamia mgonjwa sikioni: yupo mlangoni. Mabega yanashuka palepale. Wenzangu wakinicheka, eti dozi ya maneno. Lakini wagonjwa wangu walikuwa wakihitaji dawa kidogo kuliko wagonjwa wao.

Mara nyingine huyo mtu hakupatikana. Hakuna aliyekuja. Nilisema vilevile: yupo mlangoni.

Jumapili, 10 Machi

Dereva kaja na ujanja mpya. "Mzee Kesho, leo hatusafiri. Tunakwenda kuitazama stesheni tu. Hushuki kwenye gari."

Nikakubali, kama mtoto anayedanganywa kwamba sindano haichomi. Kanifunga mkanda mwenyewe. Tukapita maghala, tukapita daraja la reli, tukakwama kwenye foleni nyuma ya lori la magodoro. Nilijihisi vizuri kwenye foleni. Nilitamani isifunguke.

Anasema abiria wake wote wa uwanjani wana haraka, wanamtukana kwa ajili ya taa nyekundu. "Wewe ni wa kwanza kukodi teksi ili usifike."

Nikamuuliza yeye anaogopa nini duniani.

"Mimi? Trafiki na mama mkwe." Akafikiri kidogo. "Trafiki afadhali."

Stesheni tukaiona kutoka upande wa pili wa barabara. Ngazi pana, watu wamelalia mabegi yao, mwanamke anamfuta mwanawe pua. Saa ya ukutani imesimama. Juu ya ngazi mzee mmoja, rika langu, alikuwa akipokelewa. Mikono mingi ikimgombania. Nikasema geuza gari.

Hakunitania njia nzima. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu amejua.

Kapiga mwenyewe, mchana. Shemeji alitaka kuwauliza watu wa hospitali kama anaweza kuniletea nguo, akawapigia. Wakamwambia huyo mgonjwa hayupo, aliondoka wiki iliyopita.

"Uko wapi?" Hakupaza sauti.

Nikamwambia. Gesti, gereji, stesheni nisiyoifikia. Siku zote hizi.

Nilisikia anavuta pumzi, anaishikilia, kama wagonjwa wangu.

"Wamekukataa?" akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alinipa neno mkononi nami nikalipokea. Nikasema ndiyo.

Akalia. Si sana. Kisha akaanza kutoa amri, sauti imeloa. Usipande treni peke yako. Usiguse begi. Napanda ya jioni, asubuhi uwe stesheni, nikukute umekaa. "Na ule kitu, Daktari."

Daktari!

Jumanne, 12 Machi

Stesheni. Nimefika. Dereva kanishika kwapa ngazi nzima, kaniketisha kwenye benchi la jukwaani, na hataki kuondoka. Mzee Kesho amefika leo, anasema, lazima nishuhudie. Yuko pale kwenye nguzo, anakunywa chai, anajifanya hanitazami. Wametangaza treni imechelewa kidogo. Naandika upesi.

Chumba kile cha upasuaji, kule ng'ambo, kilikuwa baridi. Walikuwa wameniletea sindano ya kutuliza mapema, nikaikataa. Nikawaambia mimi ni mwenzenu katika kazi hii. Nilitaka kusimamia! Nione yule kijana wa usingizi anavuta dawa gani, kiasi gani, kioo kinasoma nini. Mtu mwingine yeyote angekuwa amelegea saa ile, anatabasamu kwa taa. Mimi nilikuwa macho makavu. Nikasikia mapigo yangu kwenye mashine. Nikajua kila mlio una maana gani. Kijana akachukua barakoa ya kunilaza. Nikangoja aniulize ningependa kumwona nani. Hakuuliza, angejuaje? Nikajiuliza mwenyewe. Nikajibu. Halafu nikajiambia yupo mlangoni, kwa sauti yangu ileile, na sikuiamini. Naijua sauti hiyo.

Honi. Watu wanasimama. Dereva ameweka kikombe chini, anauliza: amevaaje, mzee, nikusaidie kumtafuta? Sina haja. Namwona. Behewa la tatu, kitambaa cha kijani kichwani, treni bado inatembea naye ameshatanguliza mguu mmoja, ananitafuta kwa macho. Yupo mlangoni.

Hawakunirudisha. Jumatano niliandika hapa kwamba uvimbe umesambaa, na hilo si kweli. Walisema unaweza kutolewa, nafasi ya kupona ipo, ila nisichelewe. Barakoa niliivua kwa mkono wangu mwenyewe, nikashuka mezani, nikaomba suruali yangu.