Bakteria Mpya na Mfuniko wa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mkuu wangu wa maabara anapeleka makala yetu kwenye jarida na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba huenda tunadanganya.

Kazi yangu ni kutafuta bakteria wapya kwenye kinamasi, yaani nachota tope, nalipeleka maabara, naotesha vijidudu kwenye sahani, kisha nalinganisha vinasaba vyao na vya wale wanaojulikana dunia nzima, na asiyefanana na yeyote huyo ndiye mpya na hupewa jina. Miaka minne sikupata kitu, na mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akawa anawaambia wageni, "Mkwe wangu kasoma, kasoma, kaishia kuchezea matope," nami nacheka nao huku moyo unaniuma. Basi mwaka jana akatokea mmoja, wa rangi ya waridi, mvivu wa kuota, hafanani na yeyote, na kwa furaha nikaropoka mezani, "Mama, huyu nampa jina lako," naye akajifuta machozi, akaniongeza nyama, na tangu siku hiyo ananiita mwanangu.

Sasa sikia aibu yenyewe. Siku ya kwanza kuchota tope lile vyombo vya maabara vilikuwa vimekwisha, nikachukua jikoni bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, moja kati ya yale matatu ya mama mkwe ambayo hata mke wangu, binti yake wa kumzaa, huyagusa kwa ruhusa, nikasema nitalirudisha jioni, lakini tope lile linanuka kama mayai viza na harufu ikagoma kutoka, nikalificha maabara nikawa naendelea kulitumia, na mama mkwe akalitafuta wiki nzima, mwishowe akaamua kwamba amelichukua jirani yetu mshona nguo, rafiki yake wa miaka ishirini, kwa kuwa ndiye wa mwisho kupelekewa chakula ndani yake, wakatupiana maneno mlangoni, na mpaka leo hawasalimiani. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza ji.

Mwezi uliopita, kwa kujihakikishia tu, nilitia kwenye bakuli hilo maji yaliyochemshwa, yasiyo na tope hata chembe, nikayaotesha, na yule wa waridi akachomoza! Nikachokonoa mpira wa mfuniko nikamkuta amejaa tele, kumbe si wa kinamasi, ni wa jikoni kwa mama mkwe, mwanamke anayechemsha hata vitambaa vya kufutia meza, na makala lazima iseme bakteria katoka wapi, je, niandike "kinamasini" niwe mwongo, au niandike "mfunikoni" nihamie maabara? Mama mkwe ameshanunua kitambaa cha kuvaa siku makala ikitoka, ila hana wa kumshonea.

Mkwe Mnyamavu

*

Mkwe Mnyamavu, nilicheka mpaka nikapaliwa na chai. Nilipofika kwenye habari ya mshona nguo nikaacha kucheka. Umemtazama mama wa watu akiitwa mwizi mlangoni pake, bakuli ukiwa nalo wewe, halafu unaniuliza habari za bakteria?

Haya, tuanze nao. Mimi si mtaalamu, lakini vyombo nimeviosha tangu sijafika kimo cha sinki, na najua mpira wa mfuniko unavyong'ang'ania vitu. Bakuli hilo limekwenda kinamasini mara ngapi? Sasa umejuaje kwamba mdudu alitoka jikoni akaingia kwenye tope, na si kwenye tope akahamia mfunikoni? Hujui, baba. Hatia imekufumba macho. Yako mabakuli mawili ambayo hayajawahi kuona kinamasi, kachokonoe mifuniko yake. Ukimkuta humo, ni wa jikoni. Usipomkuta, rudi kinamasini na chombo safi ukamtafute kwao.

Ila mabakuli hayo anayo nani? Na utamwombaje mama mkwe la pili kabla hujamwambia la kwanza liko wapi? Ukilichukua kimya kimya tena, usiniandikie. Mficha uchi hazai, nawe umeficha bakuli mwaka mzima.

Kwa hiyo leo, si Ijumaa, mwambie mkuu wako makala isubiri, na umweleze kwa nini. Kisha nenda nyumbani na bakuli mkononi, hivyo hivyo na harufu yake. Usinunue jipya, na usimtume mkeo akusemee. Atafoka, mwache afoke, una deni la kelele hizo. Akishapoa, muulize kama bado anataka mdudu wa mfunikoni aitwe kwa jina lake, maana jina ni lake na kukataa ni haki yake. Mimi nadhani atakubali, mradi ajue kwamba ulichokitafuta miaka minne kwenye matope huenda yeye alikuwa nacho kabatini.

Lakini kabla ya sahani na hadubini, fuatana naye mpaka kwa mshona nguo, na atakayeanza kusema ni wewe: "Mwizi ni mimi." Bakteria wasio na majina wamejaa tele humo kinamasini, rafiki wa miaka ishirini mama mkwe alikuwa naye mmoja tu. Kile kitambaa kibebe wewe.