Mikono ya Baba na Operesheni Yako

Chumba cha uani,
nyumbani kwa Mama.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Marahaba, maana najua ungeanza kwa kuniamkia. Hujambo huko? Wifi je? Na wanangu, wanakua au wanakupigia kelele tu? Mama ni mzima, bado anagombana na redio. Mimi si mzima, na nina hofu kubwa. Tafadhali kaa chini usome.

Unakumbuka tulivyomtania Baba kuwa ana mkono wa gundi? Akikusalimia hakuachii. Watu walisema ana upendo, na yeye mwenyewe akacheka. Kumbe misuli yake ilikuwa ikishakaza haiachii mpaka itake yenyewe.

Nami yamenianza. Asubuhi za baridi mkasi hautoki mkononi. Nikasema ni uchovu wa cherehani. Vifuniko vya chupa vikanishinda, nikasema ni umri. Siku moja nampima kiuno mteja wangu, muuguzi, vidole vikagoma kuiachia tepu, naye yumo ndani kama furushi. Tulicheka sana. Halafu yeye akaacha kucheka, akanihimiza niende hospitali.

Nimepimwa misuli, moyo na damu. Ni ugonjwa wa kurithi, unadhoofisha misuli polepole. Dawa ya kuuondoa hakuna, ila kuna namna ya kuishi nao: mazoezi mepesi, kukwepa baridi, kula taratibu nisipaliwe, na moyo kupimwa kila mwaka kwa kuwa nao ni msuli. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Mimi nimeupata. Wewe hatujui.

Sasa wifi ananiambia mwisho wa mwezi unafanyiwa operesheni ya ngiri. Nilipomtajia daktari wangu, aliweka kalamu chini. "Mwambie asikubali dawa ya usingizi kabla hawajajua jambo hili," akasema. "Baadhi ya dawa zile zinaweza kumkata pumzi."

Umenielewa? Baba aliingia hospitali kwa miguu yake, operesheni ndogo tu, akatuagiza tumwekee chai. Hakuamka. Miaka yote hii tumemlaani yule daktari mpasuaji. Daktari wangu hawezi kuapa kuwa sababu ni hiyo, lakini tangu aseme vile nimeacha kulaani.

Najua utasema huna lolote. Wifi anasema asubuhi vidole vyako vinachelewa kuachia usukani. Utasema ni udereva, kama mimi nilivyosema ni cherehani. Acha ubishi wako, baba.

Mpe daktari wako karatasi ya daktari wangu niliyoiweka humu. Wakupime kwanza, moyo hasa. Operesheni haijakatazwa, ila waifanye wakijua. Usifiche kwa kuogopea kazi. Habari ya wanangu tutaizungumza baadaye, moja moja.

Juzi nilikupigia nikuambie haya, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Ndiyo maana naandika.

Nisalimie wifi, na wanangu wote uwabusu. Mungu akutangulie katika kila mlango utakaoingia.

Mama sijamwambia. Anajua tu una operesheni ndogo. Kila akiitaja, hilo neno "ndogo" analitamka polepole huku akinitazama, na mimi nainama kwenye kitambaa. Nipigie ukishazungumza na daktari, hata kama ni kunifokea. Nataka kusikia sauti yako.

Ni mimi dada yako,
ninayekupenda na kukuogopea.