Mpaka Mama Atembee

Jumamosi, 7 Machi

Mdogo wangu ni askofu! Barua ya Baba Mtakatifu imefika mkononi mwake leo. Nimepiga vigelegele jikoni hadi jirani akaja mbio akidhani kuna moto. Kitinda mimba wetu, yule niliyekuwa namnyoa uani huku analia — askofu!

Ila mwenyewe ananisahihisha. Eti ni mteule tu. Tangu kupokea barua ana miezi mitatu awe amewekwa wakfu. Mpaka hapo, na mpaka aionyeshe hiyo barua kwa mapadri washauri wa jimbo, jimbo si lake. Haruhusiwi kugusa kitu.

Mama kaipokea habari kitandani, mguu kwenye plasta. Alianguka bafuni mwezi uliopita. Kalia, kacheka, kisha kakata kauli: siku ya kuwekwa wakfu ataingia kanisani kwa miguu yake. Kiti cha magurudumu hakitaki. Kubebwa hataki. Ikishindikana, haendi. Na Mama akisema haendi, haendi.

Jumanne, 10 Machi

Saluni yangu imejaa, na hakuna aliyekuja kusuka tu. Mmoja anataka paroko wao ahamishwe, mkali mno. Mwingine ana mtoto anayetafuta kazi ya udereva. Nimwambie Baba Askofu! Nikampigia simu. Akasema yeye kwa sasa hawezi kuhamisha hata ufagio. Tangu askofu wa zamani astaafu, jimbo liko mikononi mwa Padri Msimamizi, na huko hatii mkono.

Nikarudi na jibu hilo kwenye nywele. Yule mteja wangu ninayemwita Redio, maana hazimiki, akasema basi huyo ni askofu wa kwenye picha. Nikamvuta msuko kidogo. Bahati mbaya!

Alhamisi, 16 Aprili

Plasta imetolewa. Mguu umekonda, ngozi imepauka. Mama kaushusha sakafuni, kajaribu kusimama, kaketi tena. Mimi nikaenda kulia chooni.

Tarehe ya kuwekwa wakfu imepangwa: Jumamosi, 6 Juni. Mdogo wangu kaivuta hadi ukingoni kwa ajili ya mguu huu, kesho yake miezi mitatu inakwisha. Nikamwambia aombe muda zaidi huko Roma. Mguu wa mama mzazi si sababu? Akasema sheria imewekwa ili watu wasikae muda mrefu bila mchungaji, hawezi kuliweka jimbo zima limsubiri mama yake. Nikamkatia simu. Mteule gani huyu!

Jumanne, 5 Mei

Tunatembea. Asubuhi hadi mlangoni, jioni hadi kwa jirani. Ananishika bega huku ananitukana. Namwendesha kama punda, anasema. Nikamwambia punda ni mimi, yeye ndiye mzigo. Tulicheka hadi tukaegemea ukuta.

Mdogo wangu alikuja kutuona, akataka kumshika mkono. Mama akamkazia macho: "Wewe huna mamlaka bado. Kaa pale." Sina mbavu! Naye akakaa.

Jumatano, 20 Mei

Siku mbaya. Goti limevimba, hatua hata moja haikuwezekana. Halafu Redio huyo, na kiti cha magurudumu cha marehemu mumewe, kakisugua kinang'aa. Jamani, ana roho nzuri. Nikamsamehe yale ya picha. Mama akakitazama, akamshukuru, akasema kitafaa kubebea maua.

Mgeni alipoondoka, akalia. Hataki mwanawe apewe kiti yeye akiwa amelala kitandani. Nikapiga moyo konde, nikamwambia goti likipoa tunaanza upya. Sijui kama niliamini nilichosema.

Ijumaa, 5 Juni

Naandika nikiwa benchi la mbele, kanisa kuu. Mazoezi ya kesho yanaendelea. Yalikuwa yanaendelea!

Mama ametembea! Kutoka mlango mkubwa hadi mbele kabisa, kwa mkongojo, mimi nyuma yake nimenyoosha mikono bila kumgusa. Wanakwaya wakaacha wimbo katikati, wakapiga makofi.

Mdogo wangu alikuwa kando ya kiti cha askofu, anaelekezwa. Hapa utawaonyesha washauri barua, katibu wa jimbo ataandika, kisha utaketi. Kiti hicho hakijakaliwa tangu askofu wa zamani aondoke. Padri Msimamizi mwenyewe hutumia kiti cha kawaida pembeni. Hata leo, mazoezi tu, mdogo wangu alikuwa anakizunguka. Anakiogopa.

Mama akapanda ngazi, jasho linamtiririka. Akatazama huku na huku. Akaona kiti. Akakaa.

Wote wakamgeukia!

Mdogo wangu akamnong'oneza, "Mama, hapo hata mimi bado."

"Kesho ni chako. Leo mguu unaniuma." Akaunyoosha. "Hebu nivue kiatu, baba."

Askofu mteule akapiga magoti, akaanza kufungua kamba.

Katibu wa jimbo kachanganyikiwa. Akamgeukia Padri Msimamizi, sheria inasemaje hapa? Mzee wa watu akafikiri, akafikiri. Akasema sheria inamzuia mteule kushika madaraka kabla ya wakati. Mama wa mteule haijamtaja popote.

Kanisa likaangua kicheko. Redio, kule nyuma, vigelegele! Mimi machozi na kicheko vyote kwa pamoja. Nimefurahi. Nimefurahi hadi kifua kinauma.

Sasa wanataka kuendelea, kwaya inangoja. Lakini Mama ameegemeza kichwa, macho amefumba — anakoroma! Mdogo wangu bado amepiga magoti, kiatu mkononi. Katibu ananitazama. Padri Msimamizi ananitazama. Wote wanataka nikamwamshe.

Nikamwamshe mimi? Mimi nina mamlaka gani?