Koti la Kahawia na Boga la Mlangoni

Kibondo, Novemba 2015

Dada yangu Mwanahamisi,

Nakusalimu kutoka kwenye ukungu. Mimi mzima, ila kikohozi, nacho nimeshakizoea kama mpangaji asiyehama. Goti la mama je? Na shemeji, bado anaacha sigara kila Ijumaa?

Uliniuliza kama huku kuna kazi. Ipo. Nashona maboga.

Usicheke. Kuna mama mmoja wa Kizungu, anahudumia wakimbizi wa Burundi kambini Nduta, amepanga nyumba jirani na duka langu. Kwao miezi hii majani hugeuka rangi na kudondoka, na watu hupamba nyumba kwa maboga. Nikamwambia sokoni yamejaa.

"Hapana, fundi. Yale naoza," akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuombea maji.

Akaniletea gunia la nguo zake kuukuu: nikate, nishone duara, nijaze matambara, nichomeke kijiti kiwe kikonyo. Waha, wenyeji wa huku, wakipita dirishani wananiuliza, "Fundi, hilo linaiva saa ngapi?"

Likabaki boga moja kubwa la barazani. Alilitaka la kahawia, na kahawia ilikuwa imeniishia. Msumarini kwangu lilikuwapo koti la kahawia la Mama Klodia, mkimbizi, kalileta nimshonee bega lililochanwa na miiba. Ni la mumewe. Walipotezana wakivuka mpaka, na mume alikuwa amemwambia kabla: tukipotezana, litundike mlangoni, nitaliona. Maana kule mahema yote meupe, yote mapacha. Haya alinieleza mwenyewe, nami nikaitikia. Kisha nikajiambia koti ni koti, nikatia mkasi.

Alipolifuata nikampa jingine la mtumba, zuri kuliko lile, tena lenye bitana. Hakuligusa.

"Fundi, ile yangu iko wapi?"

"Mama, hili ndilo bora."

"Oya, hapana, fundi. Bwana yangu hatafuti koti bora. Anatafuta ile."

Nikampeleka kwa Mzungu. Mama Klodia akalitazama boga pale barazani, akalikumbatia, akalinusa. Mzungu furaha ikampanda: "Anapenda! Chukua, mama, chukua!" Akampiga na picha. Mkalimani nilikuwa mimi, nikatafsiri kidogo.

Akaenda kulitundika mlangoni pa hema lake. Tangu hapo Nduta nzima wanamwita Mama Boga.

Juzi akaingia dukani mwanamume mwembamba, Mrundi, suruali imefumuka pindo. Nikapiga magoti kuibana hali ameivaa. Akaanza kunisimulia: siku tatu amezunguka Nduta, anatafuta mlango wenye koti la kahawia.

"Hakuna, mzee. Nimeuliza Mama Klodia, watu hawamjui. Nimeona tu boga ya kitambaa imetundikwa mlangoni, nikacheka peke yangu. Hata kwenye taabu watu wana mchezo!"

Sasa anapanda gari la Kasulu, akajaribu kambi ya huko.

Dada, nilikuwa na pini mdomoni. Mwenye pini mdomoni hajibu upesi. Nilizitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini moja moja, na ilipobaki moja gari likapiga honi. Akatoka mbio. Hata asante alinipa.

Nitakwenda Nduta kumwambia mkewe. Mvua ikikatika. Wenyeji wanasema mvua za huku hukatika Mei.

Mfikishie mama salamu zangu, mwambie nala vizuri. Msalimie na shangazi wa vitumbua, na shemeji na moshi wake. Koti la marehemu baba liacheni humo humo sandukuni. Msimpe fundi yeyote.

Mdogo wako,
Salimu