Pampu Haina Kosa

Kitindamimba wetu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako. Hujambo wewe, na shemeji na watoto hawajambo? Mimi nimeishinda pumu kwa mkono mmoja, bila kumtegemea daktari wala muuguzi. Haya, nimedanganya. Nakuandikia nikiwa hospitali, mpira wa hewa puani, na muuguzi ananitazama kama mbuzi aliyeingia sebuleni.

Shukrani za kwanza ni za wifi yako. Nilikuwa nachana kochi kuukuu la mteja, vumbi limejaa karakana, pumzi ikakatika. Wifi yako akaita majirani, wakanibeba juu ya kochi lilelile mpaka kwenye pikapu. Mteja alipopata habari aliuliza kama kochi lake limepona. Namshukuru hata yeye, alinichekesha siku ambayo kucheka kulikuwa kunauma.

Sasa nasikia pampu yako ya kuvuta dawa ya pumu umeipandisha juu ya kabati, eti dawa ya kufungua kifua kwa muda mrefu ndiyo ilitaka kumwua kaka. Nasikia pia kwamba ngazi zako mwenyewe unazipanda kwa kupumzika. Hilo limeniuma kuliko sindano zao.

Basi sikia nililomficha hata wifi yako. Nilipewa pampu mbili. Moja ilinifungua kifua mpaka jioni, nikaipenda. Ya pili ni ya kutuliza uvimbe ndani ya kifua. Nikiivuta sihisi kitu, nikaona ni hewa tu, nikaitupia kwenye kopo la misumari. Wifi yako akiniuliza kama nimevuta zote, najibu ndiyo, mama. Muuguzi amenieleza kwamba ile ya kufungua, ukiitumia peke yake, unajiona mzima huku uvimbe unakua kimyakimya, mpaka siku njia inaziba. Zikienda pamoja ni salama. Sasa amenipa pampu moja yenye dawa zote mbili, maana anasema mimi si mtu wa kuachiwa wake wawili, nitapendelea. Nikishavuta nasukutua mdomo. Wifi yako anasema mdomo huu ulihitaji kuoshwa tangu harusi.

Yako uliniambia nayo ina dawa zote mbili. Haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Kama huniamini, na haki unayo, kamwulize daktari wako.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na asante kwa kunililia kabla sijafa.

Siku ile ulipovunja taa ya mama, fimbo nilikula mimi, na sijawahi kukudai. Leo nadai. Ishushe hiyo pampu, uvute kama ulivyoelekezwa.

Ni mimi kaka yako,
Fundi makochi