Alama Masikioni mwa Kondoo

Sandur, 12 Oktoba

Kaka Jákup,

Mvua imetulia. Jumamosi tulikusanya kondoo kutoka mlimani, nikakuta wanakondoo wangu wote wamekatwa masikio kwa alama ya umiliki ya binamu yetu Hanus. Nilipomuuliza, alicheka: "Dada we, si unahamia Denmark kutibiwa figo? Kaka yako alinipa kundi lote Mei mosi!"

Nilifungua shajara. Tarehe 2 Mei nilipokea simu yako: "Usiharakishe, mdogo wangu. Kuhama au kubaki, utaamua mwenyewe."

Kuhama nitahama, maana daktari anasema nikibaki hapa sitafika kiangazi. Ila nimeomba chumba karibu na hospitali. Kitanda ulichonitandikia kwako huko Denmark, mlaze Hanus akija kutembea.

Mdogo wako,
Marjun